Kutazamana na kuonana

Kofia ya viua haitaki haraka. Kila kitundu unakizungushia uzi kwa sindano mpaka kikaze, ukimaliza hicho unaanza kingine, na kofia moja ina vitundu mamia. Mie hushona usiku, watoto wakishalala. Kwa miaka miwili na miezi minne nilishona hivyo, simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kioo mume wangu yuko Maskati, amekaa kitandani kwake na fulana yake ya bluu, anakula mkate kwa chai ya rangi. Kofia zenyewe nyingi huishia huko huko aliko, vichwani mwa Waomani. Nilikuwa nikiwaza kwamba kofia yangu inaweza kupita mbele yake sokoni asiijue.

Kuna kitabu kimoja nimekisoma mara nne.

Nilikipata kazini. Zamani nilikuwa nikisafisha vyumba kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, na wageni wakiondoka huacha vitabu kwenye droo, chini ya mito, hata bafuni. Msimamizi wetu alituruhusu kuvichukua. Hiki kilikuwa kimelowa maji ya bahari, kurasa zimevimba, jalada limebaki nusu. Kinaitwa The Naked Sun, mwandishi wake ni Isaac Asimov, Mmarekani aliyezaliwa Urusi mwaka 1920. Kilitoka kwanza vipande vipande kwenye jarida mwaka 1956, mwaka uliofuata kikawa kitabu. Kiingereza changu ni cha skuli na cha hotelini, kwa hiyo mara ya kwanza nilikisoma kwa taabu, kamusi mapajani. Mara ya pili mume wangu alikuwa keshaondoka, na nilikisoma kama barua niliyoandikiwa mie.

Nitakieleza mpaka mwisho wake. Anayetaka kukisoma mwenyewe aishie hapa, kisha arudi.

Ni kisa cha upelelezi, lakini cha zama zijazo, maelfu ya miaka mbele yetu. Elijah Baley ni askari kanzu wa New York, na wakati huo majiji yamefunikwa yote, watu wanazaliwa, wanaoa, wanazeeka chini ya paa bila ya kujua jua likichoma linakuwaje. Anapelekwa sayari ya mbali iitwayo Solaria. Huko kuna watu 20,000 tu, na kila mtu mmoja ana roboti kama 10,000 wa kumtumikia. Pamejaa nafasi. Mtu anaweza kuishi kwenye shamba lake miaka na miaka asisikie pumzi ya binadamu mwingine, na hivyo ndivyo wanavyopenda. Kumkaribia mtu, kukaa naye chumba kimoja, kuvuta hewa aliyoitoa yeye, kwao ni uchafu na ni aibu. Wakitaka kuzungumza hutumia mitambo inayoleta sura nzima ya mtu chumbani, amesimama, amekaa, anakula, kama yupo kweli.

Kiingereza cha kitabu kimeyatenga maneno mawili kwa jambo hili, moja la kumwona mtu kwa mtambo na moja la kumwona mwenyewe hasa. Watu wa Solaria hawayachanganyi kamwe. Nilipokuwa nasoma nikajikuta nayageuza kichwani mwangu: kutazamana na kuonana. Kiswahili kilikuwa nayo tayari. Tukiagana tunasema tutaonana. Sijapata kumsikia mtu akisema tutatazamana.

Kuna pahala mpelelezi anamwita mwanamke kwenye mtambo, naye ndio kwanza anatoka kuoga, hajajisitiri. Baley anataka kufa kwa haya. Yule mwanamke hashituki hata kidogo, anamwambia kwa upole kwamba hamwoni, anamtazama tu. Niliposoma hapo mara ya kwanza nilifunga kitabu kwa kuona haya. Mara ya pili nilikumbuka vipi mie mwenyewe nilikuwa nikikaa mbele ya simu usiku, kanga imelegea, nywele sijazifunga, nikila, nikipiga miayo. Siku aliyoniposa nilijifunika hadi macho.

Mwanamke huyo ni Gladia Delmarre, na ndiye anayeshukiwa kuua. Mumewe, Rikaine Delmarre, kakutwa kapigwa kichwani, amekufa. Katika nchi ambayo hakuna mtu anayemsogelea mwenzake, ni nani angeweza kumfikia na kumpiga? Mkewe peke yake. Ndoa zao hupangwa kwa kuangalia urithi wa damu, na mume na mke wana siku zao walizopangiwa kukutana. Gladia kakutwa pale pale, kazirai karibu na maiti. Lakini silaha hakuna. Pana roboti mmoja tu aliyeshuhudia, na akili yake imeharibika kabisa kwa kuona binadamu akidhurika mbele yake, maana wameundwa kwa sharti la kwamba wasimdhuru mtu wala wasiache adhurike.

Mie nimelelewa na Bwana Msa. Baba yangu alikuwa na vitabu vya marehemu Muhammed Said Abdulla vilivyoshikiliwa kwa gundi na dua, na Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, alitusomea kwa sauti sisi tukiwa tumelala mkekani. Kwa hiyo kiko cha Bwana Msa, mpelelezi wa vitabu hivyo, na mshangao wa Najum, mwenzake, nilivijua kabla sijajua gari za Darajani. Na nilichojifunza kwa Bwana Msa ni kwamba ufunguo wa kisa uko kwenye ukoo: nani kamwoa nani, nani kamficha mtoto gani, nani kasema neno gani miaka ishirini nyuma. Wengine wanatafuta nyayo, yeye anauliza habari za watu. Ndiyo maana hadithi nyingi za zama zijazo zilinishinda. Zimejaa mitambo na vyombo vya kurukia, na ndani yake hamna mtu anayemkosa mwenziwe. Hii ya Solaria haikunishinda. Mitambo ipo, maroboti yapo milioni mia mbili, lakini swali ni lile lile la mkekani: nyumba ile ilikuwa na nini?

Ilikuwa na ugomvi. Gladia na mumewe waligombana mara nyingi, kwa sababu mume alikuwa Msolaria mwema, mtu wa ratiba, akija siku yake na kuondoka siku yake, na mke alikuwa na kitu ambacho hata jina hakulijua. Alitaka mtu awe karibu. Katika nchi ile hilo ni sawa na maradhi, basi analificha, linamtoka kwa hasira.

Sasa nieleze usiku wa Agosti.

Tulikuwa tunazungumza kama kawaida. Maskati Agosti ni tanuri, naye alikuwa akijifuta uso kwa taulo kila mara. Alinyanyuka kutia maji ya chai, simu mkononi, na katikati ya neno akanyamaza. Niliona ukuta ukipita haraka, kisha mlango, kisha kishindo. Baada ya hapo nikawa naona feni ya darini tu. Inazunguka. Ina mapanga matatu na moja limepinda, kila likipita linagonga kidogo, tik, tik. Nikamwita. Nikapiga kelele mpaka watoto wakaamka. Sikuwa na namba ya mtu yeyote wa nyumba ile, sikujua mtaa, sikujua hata jina la mwenzake wa chumbani. Nilikuwa chumbani mwake kabisa, nikisikia feni yake, na sikuweza kumtilia tone la maji mdomoni.

Kitabuni Baley anazungumza kwa mtambo na Gruer, mkuu wa usalama wa Solaria, kila mtu anakula kwake. Gruer ananyanyua gilasi, anakunywa, na uso wake unabadilika, koo linamkaba, anaanguka. Baley anasimama pale akiyaona yote, hana anachoweza isipokuwa kuwapigia kelele maroboti ya yule bwana wamsaidie, nayo yanababaika. Gruer hakufa. Mume wangu pia hakufa; baada ya kama dakika tano mwenzake aliingia, akaiokota simu, akasema, "Shemeji, usiogope, kaanguka kwa joto tu, keshafungua macho." Lakini ukurasa ule siwezi tena kuusoma bila ya kusikia tik, tik.

Sumu ya Gruer ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote, kwa ufundi wake. Maroboti ndiyo yaliyomhudumia, na roboti hawezi kumdhuru mtu. Vipi basi sumu ikafika mdomoni? Baley anakaa nalo, mwisho analiona. Roboti hawezi kumdhuru mtu kwa kujua. Basi unamwambia wa kwanza: tia hiki kwenye maji haya, ni majaribio, yatamwagwa. Kisha unamwambia wa pili: mpelekee bwana gilasi hii. Wa kwanza katia sumu akijua hainywewi. Wa pili kabeba gilasi akijua ni maji. Kila mmoja ana nusu, na nusu yake ni safi.

Nimelifikiria hilo sana, kwa sababu baadaye niligundua kwamba kwetu nako gilasi ilikuwa ikipita mikononi. Shemeji yangu, ndugu yake anayekaa Sohar, alikuwa akimkopesha fedha kila mwezi, na alidhani mie najua. Mama mkwe aliniambia fedha zinachelewa kwa sababu ya benki, na yeye ndivyo alivyoambiwa. Mume wangu kila usiku alisema, "Kazi nzuri, alhamdulillahi," na mie nikawaambia watoto baba anafanya kazi nzuri. Ilhali kwa miezi mitano mwajiri wake hakumlipa hata baisa moja. Alihama chumba akaenda kile cha watu wengi zaidi. Alianguka usiku ule kwa sababu tangu asubuhi alikuwa hajala, na mkate ule kwa chai ya rangi ndio uliokuwa mlo wake wa siku.

Yote hayo yalikuwa mbele ya macho yangu. Mkate nilikuwa nikiuona kila usiku. Fulana ya bluu ilikuwa ile ile. Ukuta wa nyuma yake, uliokuwa na kalenda, siku moja ukawa mtupu na wa rangi nyingine, nikauliza, akasema wamepaka rangi, nikasema mmefanya vizuri. Mie niliyekua na Bwana Msa!

Nilijifariji kidogo kwa Baley mwenyewe. Kisa chake cha kwanza kimo katika The Caves of Steel, kilichotoka jaridani mwaka 1953 na kuwa kitabu mwaka 1954. Humo ana mke, Jessie. Jina lake kamili ni Jezebel, Yezebeli wa kwenye Biblia. Jirani yangu Mkristo ndiye aliyenieleza kwamba Eliya, ambaye kwetu sisi ni Nabii Ilyas, na Yezebeli walikuwa maadui, na mwandishi akawaoza. Yule Jessie alikuwa mwanamke wa kawaida, mke wa askari, anapika, anapanga foleni, lakini jina lake lilimpa raha ya siri. Alijihisi kwamba ndani yake mna mwanamke mbaya kidogo, wa hatari. Siku moja mumewe, kwa kujua kwake mambo, akamfafanulia kwamba Yezebeli wa kweli hakuwa mbaya hivyo, alikuwa mke mwaminifu kwa mumewe. Alidhani anamsifu. Alikuwa amemnyang'anya. Jessie hakulitaja tena jina lile. Miaka baadaye Baley anahangaika kutafuta kundi la siri la wanaoyachukia maroboti, anatafuta jiji zima, na mkewe, anayelala naye kitanda kimoja, yumo ndani ya kundi hilo. Kaingia kutafuta msisimko, na mie naona alikuwa anakitafuta kile alichonyang'anywa.

Nasema kwa moyo wangu wote, sehemu ile ni kubwa kuliko sayari zote za kitabu. Mauaji yanahitaji mtu mmoja mwenye nia mbaya. Hili la Jessie halikuhitaji ubaya wa mtu.

Turudi Solaria tumalize. Silaha ilikuwa mkono wa roboti. Jothan Leebig, mtaalamu wa maroboti, alikuwa ameunda roboti ambaye viungo vyake hufunguka na kurudishwa, na ndiye aliyekuwa kwa Delmarre siku ile. Leebig alikuwa na mipango ya vita, Delmarre alimpinga. Leebig alijua pia kwamba nyumba ile ina ugomvi. Basi roboti alielekezwa kabla: wakianza kugombana, fungua mkono wako, mpe mke. Gladia, kapofuka kwa hasira, kakuta kitu kizito mkononi. Baada ya hapo hakukumbuka kitu. Muuaji aliihesabu hasira ya mwanamke aliyenyimwa ukaribu kama vile fundi anavyohesabu uzi, akaiweka mahali pake. Silaha yenyewe hasa ilikuwa ile ndoa.

Na adhabu ya Leebig inatoka kwenye jambo lile lile. Anaambiwa kwa mtambo kwamba Daneel, mwenzake Baley, yuko njiani kuja kumkamata, ana kwa ana. Leebig anapiga magoti, analia, anaomba asisogelewe. Daneel anapoingia, Leebig anajiua kwa sumu, kwa kuogopa tu kuwa karibu na mtu. Na Daneel ni roboti. Ameumbwa kwa sura ya binadamu, hana pumzi ya kumchafua yeyote.

Mbele ya watu wake, Baley hakumtaja Gladia kuwa ndiye aliyepiga. Kabla ya kuagana wanaonana, kweli wanaonana, chumba kimoja. Amevaa glavu. Anaivua, ananyoosha mkono, anamgusa shavuni. Mwandishi hakurefusha hapo, na alifanya vyema. Mie ndipo ninapolia, mara zote nne.

Mume wangu alirudi mwezi wa Mfunguo Mosi. Uwanja wa ndege watoto walimrukia, mie nikasimama na mkoba wangu. Alikuwa mfupi kuliko kwenye simu. Sijui kama inawezekana, lakini ndivyo nilivyomwona. Harufu yake ilikuwa ya mgeni, ya sabuni nyingine na udi mwingine. Nyumbani tulikuwa tukipishana ukumbini kwa "samahani", kama wapangaji. Usiku nilishona, naye akakaa upande wa pili wa chumba, tukakosa la kusema, sisi tuliokuwa tukizungumza mpaka bando linakatika. Mara mbili nilimwona akinitazama na kutaka kusema kitu, kisha anauliza habari za mbuzi wa mama.

Usiku wa tatu alitoka nje. Nikasikia akikaa barzani. Baadaye kidogo simu yangu ikalia, ni yeye, kwa vidio. Nikadhani kaibonyeza kwa bahati mbaya. Nikapokea. Uso wake ukatokea, taa ya barza nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nikamtambua.

"Mama watoto," akasema, "niache nikwambie hapa hapa. Humo ndani siwezi."

Akaniambia yote. Miezi mitano, fedha za ndugu yake, chumba, mkate, siku aliyoanguka. Sikumkatiza. Nilikuwa nikiona machozi yake kwenye kioo na kusikia sauti yake mara mbili, moja simuni na moja, hafifu, ikipenya dirishani. Alipomaliza nilitua kofia, nikanyanyuka na simu ikiwa wazi, nikapita ukumbini, nikafungua mlango, nikakaa karibu yake. Simu mbili zilipokutana zikaanza kupiga ukelele, sauti ya hii ikiingia ile, ukelele wa kuamsha mtaa.

"Zima," akasema.

"Zima wewe kwanza."

Akanyoosha mkono kuibonyeza, na chini ya taa nikaliona kovu, refu, jeusi, kuanzia kwenye kidole gumba mpaka karibu na kifundo. Lilikuwa limeshapona zamani. Ni mkono wa kushoto, ule uliokuwa ukishika simu.